Chuo kinagawa pesa za corona, mimi naogopa kuomba

*Houston, Agosti 2021*

Shikamoo dada,

Mimi ni binti wa miaka 22, natokea Moshi, na nasoma uhasibu katika chuo kimoja cha serikali hapa Houston, Texas. Nina viza ya mwanafunzi. Ada alikuwa analipa baba, ambaye ana gari moja la watalii, analiendesha mwenyewe Tarangire na Ngorongoro. Tangu Machi mwaka jana gari hilo limeegeshwa nyuma ya nyumba. Mama alinitumia picha, kuku wametagia chini yake. Mimi nilikuwa nafanya kazi kantini ya chuo saa 20 kwa wiki, ndizo tunazoruhusiwa. Masomo yalipohamia mtandaoni kantini ikafungwa, na hadi leo haijafunguliwa.

Aprili mwaka jana nilisikia serikali imetoa pesa za dharura kwa wanafunzi. Nikapiga simu ofisi ya misaada ya fedha, nikasikiliza muziki wao dakika 50, mwisho nikajibiwa kwamba wanafunzi wa kigeni hawahusiki. Nikakubali yaishe. Mwenzangu ninayeishi naye, Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, yeye aliingiziwa dola 800 kwenye akaunti bila hata kujaza fomu. Sikumwonea wivu. Haya, nilimwonea kidogo, mpaka aliporudi na gunia la mchele akasema tule wote.

Sasa wiki iliyopita nimepata barua pepe ya chuo inasema kila mwanafunzi aliyesajiliwa anaweza kuomba, hadi dola 1,200. Nahisi wamekosea kunitumia. Mwenzangu ananiambia, "Dada, ile makuta ni ya watu yote, omba tu." (Makuta kwao ni pesa.) Lakini kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa, mjomba mmoja tunayemheshimu ametuma sauti ya dakika sita akituonya: ukila pesa ya serikali ya Marekani unaandikwa kuwa mzigo, na siku ukitaka kubadilisha viza wanakukumbusha. Akataja kijana aliyepokea hundi ya corona kisha akatakiwa kuirudisha. Mjomba huyohuyo ndiye aliyenitafutia kazi ya usafi wa ofisi usiku, malipo mkononi.

Halafu kuna deni. Nadaiwa dola 1,340 za muhula uliopita, wamenifungia kujisajili, na masomo yanaanza tarehe 23. Kwenye fomu kuna kisanduku kimeandikwa nakubali chuo kitumie msaada huu kulipa deni langu. Nisipotia tiki wataninyima? Nikitia, nitakula nini? Pango langu ni dola 450 kwa mwezi na nimechelewa miezi miwili. Laptop ilikufa Februari katika ile dhoruba ya barafu: bomba la ghorofa ya juu lilipasuka, maji yote yakashukia meza yangu. Mitihani nafanyia kwenye simu yenye ufa.

Na mama ameshasikia, sijui nani kamwambia. Anaomba laki saba, ada ya mdogo wangu aliyeko bweni na mabati ya jikoni. Sijawahi kumwambia mama hapana.

Fomu inafungwa Ijumaa ijayo. Sehemu ya kueleza shida ina nafasi ya herufi 500. Nimeandika "hali ni ngumu sana", nikafuta, mara nne.

Binti wa Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu.

Kabla ya yote, ujue kwamba mwaka 2020 mimi nilikuwa upande wa pili wa simu ile. Nilikuwa karani katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo kimoja, jimbo jingine, na wanafunzi kama wewe niliwajibu hivyohivyo ulivyojibiwa. Wengine walisema asante kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia. Kwa hiyo nina deni langu hapa, acha nilipunguze.

Hawakukosea kukutumia. Sheria ya kwanza ya msaada wa corona, CARES, ilisainiwa tarehe 27 Machi 2020. Ilivipa vyuo dola bilioni 12 na ushei, na angalau nusu ya mgawo wa kila chuo ilitakiwa ifike mikononi mwa wanafunzi. Mgawo huo ulipigwa hivi: sehemu 75 katika 100 kwa kuhesabu wanafunzi wanaopata Pell, ile ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, na sehemu 25 kwa kuhesabu wanafunzi waliobaki. Katika hao waliobaki wewe umo. Yaani chuo chako kilipewa hela kwa kuhesabu na kichwa chako, kisha Wizara ya Elimu chini ya Betsy DeVos ikatoa mwongozo tarehe 21 Aprili kwamba wanaoruhusiwa kupokea ni wale tu wanaostahili misaada ya masomo ya serikali kuu. Sheria yenyewe haikuwa na maneno hayo. Vyuo vya jumuiya vya California vilikwenda mahakamani kwa jambo hilo na vikapata amri ya kuizuia wizara, lakini nafuu ile haikufika Texas.

Mwenzako hakupendelewa. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi anahesabiwa kuwa anastahili misaada hiyo, na bila shaka alikuwa anapata Pell. Ofisi zetu zilipenda sana watu wa Pell, nakuambia ukweli, kwa sababu orodha yao tayari ilikuwa kwenye kompyuta. Unabonyeza, jina linatoka, hela inakwenda. Wale wa kuomba kwa fomu walihitaji mtu wa kusoma, na sisi tulikuwa wanne, kila mmoja jikoni kwake. Hata hao wa orodha hawakupata wote kwa raha. Tulituma hundi kwenye mabweni ambayo tulikuwa tumeyafunga wenyewe wiki tatu kabla. Zilirudi zimejaa sanduku la karatasi za fotokopi. Kwa hiyo ukiingia kwenye akaunti yako ya chuo, cha kwanza kabisa hakikisha namba ya benki na anwani ni za leo, si za ulipofika.

Mambo yamebadilika mara mbili tangu hapo. Desemba 27 ilipita sheria ya pili, na Machi 11 mwaka huu ikapita ya tatu, kubwa kuliko zote, karibu dola bilioni 40 kwa vyuo. Kisha tarehe 11 Mei wizara, sasa ikiwa chini ya Miguel Cardona, ikatoa kanuni kwamba mwanafunzi yeyote aliyekuwa amesajiliwa tangu 13 Machi 2020 anaweza kupokea, awe raia, mkimbizi, asiye na karatasi au mwenye viza kama yako.

Ila usisome "anaweza" ukasikia "lazima apewe". Vyuo vimeagizwa kutanguliza wenye shida kubwa zaidi, na wizara imevihimiza pia vitangulize wanafunzi wa ndani kabla ya wa kigeni. Wa ndani hapo ni pamoja na wakimbizi na wasio na karatasi. Kila chuo kinajipangia utaratibu wake: kingine kinagawa sawasawa, kingine kwa pointi, kingine aliyewahi kapata. Chako kimesema "hadi" 1,200. Neno hilo dogo lina maana unaweza kupata 400. Namna walivyogawa awamu zilizopita utaikuta kwenye tovuti yao, kwa sababu wanalazimika kutoa taarifa kila robo mwaka: walipokea kiasi gani, wanafunzi wangapi walipata, na walichaguaje. Isome. Ni kurasa mbili tatu zilizoandikwa kama zinataka usizielewe, lakini wewe ni mhasibu.

Sasa mjomba. Simvunjii heshima, ila amechanganya mambo matatu kwenye sauti moja. Ile hundi iliyorudishwa ilikuwa ya mamlaka ya mapato, IRS, ambayo wengi wenye viza ya mwanafunzi hawakuistahili. Wapo waliojaza fomu ya kodi isiyo yao wakatumiwa kwa makosa. Hii ya chuo ni nyingine kabisa. Si mkopo kama bumu la kwetu, haurudishi, na haitozwi kodi ya mapato. Na hilo la "mzigo", yaani mgeni anayehesabiwa kuwa anategemea serikali: kanuni kali ya uhamiaji ya 2019 iliondolewa Machi mwaka huu, na utaratibu unaotumika sasa, 2021, unatazama zaidi fedha taslimu za kujikimu za serikali, zile za kila mwezi. Msaada wa elimu haumo. Ukitaka kulala usingizi, mwandikie barua pepe mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, umuulize kwa maandishi, uhifadhi jibu lake.

Kinachonishangaza ni kwamba mjomba anaogopa msaada uliotolewa kwa sheria, halafu anakutafutia kazi ya usiku ya malipo mkononi. Hiyo kazi ndiyo inayoua viza! Mwenye viza yako akikamatwa anafanya kazi bila kibali, hakuna mshauri wa kumtetea. Ikiwa umeshamaliza mwaka mmoja wa masomo, kuna kibali cha kufanya kazi nje ya chuo kwa waliopatwa na shida kubwa ya kifedha wasiyoitarajia, na baba aliyekosa watalii ni mfano wa kutosha. Unaanzia kwa mshauri huyohuyo, unajaza fomu I-765, ada yake mwaka huu wa 2021 ni dola 410, na unasubiri miezi. Anza sasa hata kama unaona ni mbali. Mjomba mwambie asante, umeshapata njia.

Kuna hatari nyingine ambayo hukuitaja, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Ukifungiwa usajili mpaka tarehe 23 ipite, hutakuwa mwanafunzi wa muda wote, na viza yako imesimama juu ya hilo. Deni la 1,340 linaweza kukurudisha Moshi haraka kuliko jambo lolote alilolitaja mjomba.

Kwa hiyo tuje kwenye kisanduku. Usikitie tiki leo. Masharti ambayo vyuo vilikubali kabla ya kupokea hela hizi yanakataza kutumia msaada kulipa deni la mwanafunzi bila ridhaa yake ya maandishi, na yanakataza kufanya ridhaa hiyo kuwa sharti la kupewa. Huwezi kunyimwa kwa sababu umekiacha wazi. Mimi nimeona fomu ambazo kisanduku kile kimekuja na tiki tayari, ukitaka uitoe mwenyewe. Nilisema kikaoni kwamba hiyo si ridhaa, nikaambiwa tutaliangalia.

Badala yake, fanya hivi kabla ya kutuma fomu. Nenda, usipige simu, nenda kwa miguu ofisi ya malipo ya wanafunzi, uwaulize: "Je, chuo kina mpango wa kufuta madeni ya wakati wa corona?" Nusu ya fedha za sheria ya tatu ni ya wanafunzi, lakini nusu nyingine ni ya chuo chenyewe, na wizara imeruhusu itumike kufidia madeni ambayo wanafunzi walishindwa kulipa. Mei mwaka huu Chuo Kikuu cha Delaware State kilifuta zaidi ya dola 700,000 za madeni ya wahitimu wake. Mwezi jana CUNY, vile vyuo vya jiji la New York, walitangaza kufuta hadi dola milioni 125. Chuo chako hakilazimiki kuiga. Lakini nimewahi kuona mpango wa namna hiyo ukikaa miezi bila kutangazwa, wakipewa wanaouliza tu. Ikiwa upo, deni lako linalipwa na mfuko wa chuo na ile 1,200 inabaki ya kwako ya kula na kulala. Hebu fikiria ungekuwa umeshatia tiki.

Wakisema haupo, omba mpango wa kulipa kidogo kidogo na wakuondolee kizuizi cha usajili. Mara nyingi ukilipa sehemu, kizuizi kinatoka siku hiyohiyo. Hilo nalo likishindikana, ndipo uulize kama unaweza kuelekeza kiasi fulani tu cha msaada kwenye deni, si wote. Kutia tiki kwa wote ni hatua ya mwisho, na ukifika hapo itie bila kujilaumu, maana kubaki umesajiliwa kunazidi laptop.

Na zile herufi 500. Mdogo wangu, "hali ni ngumu sana" niliisoma mara mia kwa siku. Nilikuwa naamini kila mmoja wao, ila sikuwa na pa kuandika pointi. Msomaji wa fomu anatafuta vitu vitatu: nini kilitokea kwa sababu ya corona, kimekugharimu kiasi gani, na unahitaji nini. Andika kitu kama hiki, kwa Kiingereza chako:

"Nilifanya kazi kantini ya chuo saa 20 kwa wiki hadi ilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona. Viza hainiruhusu kazi ya nje bila kibali. Baba, mlipaji wa ada yangu, anaendesha watalii Tanzania na hana kazi tangu mwezi huo. Pango langu ni dola 450, nimechelewa miezi miwili. Masomo yangu yako mtandaoni na sina kompyuta. Nafanya mitihani kwa simu."

Umeona nimeiacha ile dhoruba. Barafu si corona, na msomaji mwenye haraka atakuuliza inahusianaje. Lakini kusoma mtandaoni kumeletwa na corona, na kompyuta ni gharama ya masomo, kwa hiyo anzia hapo. Kuku waliotagia chini ya gari pia waache. Mimi wamenichekesha, fomu haina mahali pao.

Kuhusu aibu ya kuchukua cha wengine, sitasema mengi. Kichwa chako kilihesabiwa.

Mama ndiye mgumu. Hela hii imetolewa kwa ada, chakula, nyumba, matibabu, na gharama nyingine za kusoma. Hakuna askari atakayesimama dirishani ukituma, lakini utakuwa umesaini kwamba unaihitaji kwa mambo hayo, na kweli unaihitaji. Tatizo ni kwamba mama akisikia dola 1,200 anapiga hesabu ya milioni 2 na laki 7 na nusu, na kwa bei za Moshi hizo ni pesa za kuezekea jiko na sebule. Mpe hesabu ya Houston. Mwambie haifiki hata miezi mitatu ya chumba, hakuna chakula ndani yake. Mtumie picha ya ankara ya chuo yenye ile 1,340. Wazazi wetu wengi hawajawahi kuonyeshwa ankara, tunawatumia picha za theluji tu. Na usimwambie hapana. Mwambie, "Mama, nimeipokea, inakwenda kwenye chumba, kibali cha kazi kikitoka cha kwanza ni ada ya mdogo wangu." Atanyamaza kidogo, halafu atakuuliza umekula nini leo.

Jambo moja dogo la leo leo: vyuo vingi vina stoo ya chakula cha bure kwa wanafunzi, na nyingi hazikuulizi viza, zinataka kitambulisho cha chuo tu. Nenda na huyo Mkongo wako, mbebe mchele pamoja.

Jumatatu uwe mlangoni kwa watu wa malipo saa mbili asubuhi wanapofungua. Ukitoka hapo pita kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni, na fomu uitume jioni hiyohiyo. Usisubiri Ijumaa. Pale kwetu, waliotuma siku ya mwisho tuliwasoma mwisho, na mara mbili hela iliisha kabla hatujawafikia.